Deni la mateso halilipwi kwa hundi

Tarehe 6 Mei, 2015, Baraza la Madiwani la jiji la Chicago, Marekani, lilipitisha sheria ambayo nchi ile ilikuwa haijapata kuiona. Kwa sheria hiyo jiji lilikiri kwamba polisi wake waliwatesa raia weusi kwa muda wa karibu miaka 20, likawaomba radhi, na likajifunga kuwalipa fidia. Wengi waliosikia habari hiyo walishika jambo moja tu: dola milioni 5.5. Jambo zito zaidi liliwapita. Jiji lilijifunga pia kuwaponya watu liliowaumiza, kwa kituo cha tiba kitakachogharimiwa na fedha za umma na kuwekwa katika mitaa wanamoishi wenyewe.

Fedha hupita mkononi ikaisha. Hilo la pili ndilo linalostahili kutazamwa na kila taifa ambalo watu wake wamepata kuumizwa na dola, na Waafrika wamo katika mstari wa mbele wa orodha hiyo. Kwa miaka mingi watu wamefundishwa kwamba haki ni kazi ya mahakama na uponyaji ni kazi ya hospitali, na kwamba mambo haya mawili hayana udugu. Mtu akipigwa, hakimu atafute nani aliyempiga, mganga afunge kidonda, na kila mmoja abaki katika chumba chake. Mafundisho hayo ni ya uongo. Tena ni uongo wenye faida kwa wale wanaopiga, na mambo yaliyotokea Chicago yanauanika hadharani.

Mkuu wa kundi lililotenda maovu hayo aliitwa Jon Burge. Alikuwa askari katika vita vya Marekani dhidi ya watu wa Vietnam, akarejea kwao, akajiunga na polisi wa Chicago mwaka 1970, na ilipofika 1972 alikuwa mpelelezi katika kituo kimoja cha upande wa kusini wa jiji, ambako wakazi walio wengi ni watu weusi. Tangu mwaka huo hadi 1991, yeye na maofisa waliokuwa chini yake waliwatesa watu zaidi ya 100 ili wakiri makosa. Walitumia kisanduku chenye mpini wa kuzungusha kwa mkono, kilichotoa umeme uliopitishwa kwa waya katika masikio na sehemu za siri za mtuhumiwa. Walifunika vichwa vya watu kwa plastiki hadi pumzi ikakaribia kukatika. Walimtia mtu mtutu wa bunduki kinywani na kumfanya aamini kwamba saa yake imefika. Mateso ya umeme wa simu za kijeshi yalikwisha kujulikana katika vita vya Vietnam kabla hayajajulikana Chicago. Anayemfundisha mbwa wake kuwauma watu wa mbali asishangae siku mbwa huyo atakapowauma watoto wa nyumba ya jirani.

Je, wakubwa wa jiji hawakujua? Walijua, na waliowajulisha mapema kabisa hawakuwa mawakili wala waandishi wa habari. Alikuwa mganga. Februari 1982, Andrew Wilson, aliyekamatwa kwa kuwaua polisi wawili, alifikishwa katika gereza la wilaya akiwa na majeraha kichwani na usoni, na alama za kuungua mapajani na kifuani. Dk. John Raba, mkuu wa huduma za tiba katika gereza hilo, alimpima, akaandika barua kwa mkuu wa polisi wa jiji. Alieleza alichokiona, akaeleza kwamba mfungwa anadai kupigwa umeme, akataka uchunguzi ufanywe. Mkuu wa polisi aliipeleka barua kwa mwendesha mashtaka wa wilaya, Richard M. Daley. Burge hakushtakiwa kwa lolote. Daley alichaguliwa kuwa meya wa Chicago mwaka 1989, akakalia kiti hicho hadi 2011. Burge naye, baada ya barua ile, aliendelea kupanda vyeo na kuendelea na kazi yake kwa miaka tisa zaidi.

Barua hiyo moja yatosha kuubomoa ukuta ule unaojengwa kati ya tiba na haki. Mganga aliyefanya kazi yake ipasavyo alikuwa tayari ameingia katika kazi ya haki, kwa sababu kidonda chenyewe kilikuwa ushahidi. Na wakubwa walioifungia barua kabatini walikuwa wamekataa tiba, kwa sababu tiba ya kweli ya ugonjwa ule ilikuwa kumwondoa mtesaji kituoni. Kama barua ingefuatwa, makumi ya watu waliokamatwa baada ya 1982 wasingepata kuugusa umeme ule. Hospitali gani ya ulimwengu ingeweza kufanya kazi kubwa kama hiyo?

Wapo watakaosema kwamba Wilson alikuwa muuaji. Ni kweli, Mahakama Kuu ya Jimbo la Illinois iliifuta hukumu yake mwaka 1987 kwa kuwa ungamo lilitolewa kwa mateso, akashtakiwa upya bila ungamo hilo, akatiwa hatiani mara ya pili, na akafia gerezani mwaka 2007. Lakini tangu lini haki ya kutoteswa ikawa zawadi ya watu wema? Kinga inayomlinda mtu mwema peke yake si kinga, maana polisi ndiye atakayeamua nani mwema. Matokeo ya uamuzi wa namna hiyo yalionekana Januari 2003, pale gavana wa Illinois, George Ryan, alipowasamehe watu wanne waliokuwa wakingoja kunyongwa, akitamka kwamba hawakuwa na hatia na kwamba maungamo yao yalitolewa kwa mateso ya Burge na watu wake. Watu wanne hao wangalikuwa marehemu.

Sasa tazama jinsi jiji la kibepari linavyohesabu. Darrell Cannon aliteswa mwaka 1983, akakiri, akafungwa. Mwaka 1988 alipewa dola 3,000 ili kesi yake ya madai ifungwe. Alikuwa mfungwa, hakuwa na mtu wa kumwamini, akatia sahihi. Alikaa gerezani zaidi ya miaka 20, akatoka 2007. Burge aliachishwa kazi mwaka 1993, na kwa utesaji wenyewe hakushtakiwa hata siku moja, maana ilielezwa kwamba muda wa kumshtaki umekwisha. Aliyeuficha uovu mpaka muda ukaisha ndiye aliyenufaika na kuisha kwa muda! Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke, akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Pensheni yake ya upolisi hakunyang'anywa. Aliendelea kuipokea hadi alipofariki dunia Florida mwaka 2018. Kwa upande mwingine, kesi zilizotokana na matendo yake ziliila hazina ya umma zaidi ya dola milioni 100, na sehemu nono ya fedha hizo iliishia kwa mawakili, wakiwemo waliolipwa kumtetea mtesaji. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na senti moja iliyotengwa kwa ajili ya mtu anayeamka usiku akipiga kelele kwa sababu amesikia mlango wa gari ukifungwa barabarani.

Hapo ndipo ilipo aibu ya mfumo mzima. Mahakama ilijua kumlipa wakili, ilijua kumlipa shahidi mtaalamu, ilijua hata kumlipa mtesaji kiinua mgongo chake. Jambo la pekee ambalo haikulijua ni kumtibu aliyeteswa.

Sheria ya 2015 haikutokana na huruma ya meya wala madiwani. Ilitokana na akina mama wa wafungwa waliosimama nje ya mahakama mwaka baada ya mwaka wakati hakuna aliyewasikiliza, na wafungwa wenyewe walioandikiana barua wakigundua kwamba visa vyao vinafanana hadi umbo la kisanduku kile. Ilitokana na mawakili wachache wa ofisi ndogo, na vijana walioandamana na kulala sakafuni ndani ya jengo la manispaa. Watu hao waliunda umoja wa kumbukumbu za utesaji, na umoja huo ulipoketi kujiuliza haki ni nini, haukuanza kwa kuwauliza wanasheria. Uliwauliza walioteswa: mnahitaji nini? Majibu yao ndiyo yaliyoandikwa kuwa muswada, ukafikishwa kwa madiwani mwaka 2013. Mjadala ulipofika mezani kwa meya, kiwango cha fedha kilipunguzwa. Kituo cha tiba hakikuondolewa, kwa kuwa wenyewe walikataa katakata kukiachia.

Mawazo hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Chicago ni mji ambamo chama cha Black Panther kilikuwa kikitayarisha zahanati ya bure kwa wakazi maskini mwishoni mwa 1969, chini ya uongozi wa kijana Fred Hampton. Polisi walimuua Hampton kitandani mwake alfajiri ya tarehe 4 Desemba mwaka huo. Zahanati ilifunguliwa mwanzoni mwa 1970 bila yeye. Katika miji mingine chama hicho kiliwapima watu ugonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao serikali ya Marekani ilikuwa imeupuuza kwa sababu wagonjwa wake walikuwa watu weusi. Baada ya kelele hizo, mwaka 1972 serikali hiyo ilipitisha sheria ya kuushughulikia. Chicago vilevile ndipo walipozaliwa Young Lords, vijana wa asili ya Puerto Rico, ambao wenzao wa New York, tarehe 14 Julai, 1970, waliiteka hospitali ya Lincoln kwa muda wa saa kama 12, wakidai itibu watu badala ya kuwaua. Na baada ya kimbunga Katrina kuivunja New Orleans mwaka 2005, na serikali kuwaacha maskini juu ya mapaa ya nyumba zao, waganga na wanaharakati weusi wa majimbo ya kusini, akiwemo Cara Page, waliunda umoja ulioitwa Kindred. Hao ndio walioutia nguvu msemo wa haki yenye kuponya: kwamba mtu na jamii yake huumizwa kwa pamoja, na kwa hiyo hawana budi kutibiwa kwa pamoja, na kwamba kazi hiyo ni siasa wala si hisani.

Sheria ya Chicago ina mambo ambayo mtu asiyezoea anaweza kudhani hayana uhusiano. Kila aliyenusurika na mateso alipewa kiasi kisichozidi dola 100,000. Wao na jamaa zao, hata wajukuu, walipewa haki ya kusoma bure katika vyuo vya jiji. Shule za jiji zilitakiwa kufundisha habari za utesaji huo kwa wanafunzi wa darasa la nane na la kumi. Jiji lilitakiwa kujenga mnara wa kumbukumbu, na kile kituo cha tiba.

Kwa nini wajukuu? Kwa sababu walioandika muswada walijua jinsi jeraha linavyotembea. Baba akifungwa miaka 20 kwa ungamo la uongo, mtoto hukua bila baba, na mama huacha masomo ili alishe nyumba. Mtoto huyo anapokuwa mzazi tayari ameibiwa mambo ambayo hakimu hawezi kuyaandika katika jalada. Na kwa nini darasani? Kwa sababu mtu aliyeteswa, kisha akaambiwa na mji mzima kwamba anadanganya, ana kidonda cha pili juu ya kile cha kwanza, na kidonda hicho hakina dawa isipokuwa mji mzima kusema: ulisema kweli. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto na kuwaeleza yaliyotokea anatoa dawa ambayo hakuna duka linaloiuza. Ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vya uongozi wa huduma za jamii vinavyoletwa Afrika na washauri wa nje havina hata ukurasa mmoja wa tiba ya namna hiyo.

Kituo chenyewe kilifunguliwa mwaka 2017 katika mtaa wa Englewood, mtaa wa watu wa kipato cha chini ambao Wamarekani wengi huusikia pale tu yanapotajwa mauaji. Kinawahudumia walioteswa na Burge, na kinawapokea pia watu wengine walioumizwa na polisi, pamoja na familia zao. Panatolewa ushauri nasaha. Anayetoka gerezani husaidiwa kuanza maisha upya. Lakini kinachokitofautisha na zahanati ya kawaida ni kwamba baadhi ya walioteswa ni wafanyakazi na viongozi wa kazi hiyo, wanaompokea mgeni mlangoni, wanaokaa naye, wanaokwenda kuzungumza mashuleni na mbele ya madiwani. Mtu aliyeitwa mwongo kwa miaka 30 amekuwa mwalimu wa mji. Wataalamu wa chuo kikuu wapo na wanahitajika, ila hawakuachiwa usukani.

Wapinzani wa mpango wa namna hii ni wa aina nyingi, na hoja zao hurudiwa hata Afrika. Hoja iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ya kusema kwamba wapewe fedha zao waende watafute matibabu wapendako. Watafute wapi? Mwaka 2012, miaka mitatu tu kabla ya kuomba radhi, utawala wa meya huyo huyo, Rahm Emanuel, ulizifunga zahanati 6 za afya ya akili kati ya 12 za jiji, kwa kisingizio cha kubana matumizi, na nyingi zilikuwa tegemeo la mitaa ile ile. Wagonjwa wa Woodlawn walijifungia ndani ya zahanati yao wakikataa kutoka, polisi wakaja wakawakamata. Meya akafunga zahanati, akapeleka polisi, kisha akaomba radhi kwa matendo ya polisi! Hundi mkononi mwa mtu asiye na zahanati ni karatasi. Jiji lilichukua zaidi ya miaka 10 kuanza kurudi nyuma. Mwaka 2024 ndipo lilipotangaza kuifungua tena zahanati ya Roseland.

Hoja nyingine ni ya wenye kusema kwamba mambo haya ni ya kitaalamu na wananchi wasiyaingilie. Hawa wajibu swali moja: katika miaka yote ambayo wataalamu wa sheria, wa polisi na wa utawala wa Chicago walikuwa na barua ya Dk. Raba mikononi, ni nani kati yao aliyeugundua ugonjwa?

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haitoki kwa wapinzani wa waziwazi. Inatoka kwa wale wanaolipokea neno jamii kwa tabasamu na kulitumia vibaya. Ofisa akisema kwamba huduma hii itafanywa na jamii, mara nyingi ana maana kwamba serikali haitoi fedha, na jamii anayoisema ni mama mmoja mwenye ndoo ya maji kichwani na mgonjwa nyumbani. Watanzania wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Ukimwi ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983 na kuanza kuziteketeza familia, waliowauguza wagonjwa na kuwalea yatima walikuwa bibi na mama zao, bila mshahara, bila glovu, bila siku ya kupumzika. Walifanya kazi ya wizara nzima. Kuisifu kazi yao katika hotuba huku ukikataa kuilipia ni unyonyaji, hata kama msemaji amevaa shati la kijani. Huduma ya jamii iwapo ni msingi wa sera, basi ina fungu katika bajeti, ina mishahara, ina jengo, na ina wananchi wenye mamlaka ya kumwondoa mkuu wa kituo asiyefaa. Bila hayo ni porojo. Manusura wa Chicago waliling'amua hilo, ndiyo maana walidai jengo na wafanyakazi wa kulipwa katika sheria yenyewe, wala hawakuridhika na ahadi ya ushirikiano.

Waafrika wa Mashariki wana sababu nzito ya kuyatazama haya, maana nao wana madeni yao kwa wenye kutesa. Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na kwamba serikali yake inasikitika. Wadai 5,228 walilipwa, na jumla ya malipo pamoja na gharama za kesi ilikuwa pauni milioni 19.9. Baadaye, mwaka 2015, mnara wa kumbukumbu uliogharimiwa na Uingereza ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Huo ulikuwa ushindi wa wazee wale, na hakuna mwenye haki ya kuudharau. Hata katika kesi hiyo palikuwa na barua za Dk. Raba za Kiingereza: majalada elfu kadhaa ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, ambayo serikali ya Uingereza ililazimika kuyakiri mwaka 2011.

Lakini fedha hizo zilipogawanywa, kilibaki nini? Mzee aliyehasiwa katika kambi ya mahabusu alipata hundi akiwa na miaka zaidi ya 80. Hapakujengwa kituo cha kumtibu. Mkataba haukuwapa wajukuu wake nafasi ya masomo, wala haukuitaka Uingereza kuwafundisha watoto wake darasani habari za kambi zile. Na mlango ulipofungwa ulifungwa kabisa: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya London ilizitupilia mbali kesi za wadai wengine zaidi ya 40,000 kwa sababu ya muda kupita. Ni hila ile ile ya Chicago. Walioandika mkataba wa Nairobi waliandika mkataba wa mahakamani, na mahakama ilitoa kile inachojua kutoa.

Watanzania nao wamekwisha kuambiwa samahani. Tarehe 1 Novemba, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, akaomba msamaha kwa matendo ya Wajerumani katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Inakadiriwa kwamba Waafrika kati ya 75,000 na 300,000 waliangamia, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu majeshi ya Kaisari yalichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Radhi hiyo imechelewa zaidi ya miaka 100, nayo imepokewa kwa heshima, kama ilivyo desturi ya watu wa Songea. Hata hivyo heshima isigeuzwe kuwa usingizi.

Katika jeraha la Maji Maji, wenye kuumia mwilini wamekwisha kufa. Ndiyo maana wajanja watasema kwamba hapana wa kutibiwa, na kwamba yafaa pajengwe ukumbi, ufunguliwe kwa ngoma, mambo yaishe. Wenye kusema hivyo hawakuwauliza wenyewe. Ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, umekuwa ukiuliza fuvu lake liko wapi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilivyofanywa Berlin vilionyesha kwamba baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa huko ni ya jamaa wa familia zilizo hai Kilimanjaro. Ukoo ambao mzee wake hajazikwa ni ukoo wenye msiba usiokwisha, na kila kizazi kinachozaliwa kinazaliwa matangani. Tiba ya ugonjwa huo si kidonge. Ni kumrudisha marehemu na kumzika kwa mila zake, kwa gharama ya aliyemchukua. Yeyote anayedhani maziko hayo ni jambo la utamaduni linaloweza kukabidhiwa ofisi ya makumbusho peke yake, hajaelewa kwamba hiyo ndiyo afya yenyewe.

Mazungumzo na Ujerumani yasiachwe yawe mazungumzo ya wanasheria na wahasibu wa nchi mbili katika hoteli za Dar es Salaam na Berlin. Swali lile walilojiuliza watu wa Chicago, mnahitaji nini, lipelekwe kwanza Songea, Umatumbi, Liwale na Mahenge, kijiji kwa kijiji, katika mikutano ya wananchi na si kwa dodoso la mtaalamu mgeni. Majibu yaandikwe kama yalivyotoka midomoni mwa wazee, hata kama mengine yatakuwa ya zahanati na maji, mengine ya ada za wajukuu, na mengine ya mifupa ya mtu mmoja. Orodha hiyo ndiyo iwekwe mezani mbele ya Wajerumani, na wazee walioitoa waketi upande ule ule wa meza na mawaziri, wakiwa na uwezo wa kusema hapana.